Sista Aliyenizoesha Dawa

Kwa miaka tisa tuliyokaa jengo moja hapa Barking, Landani, mimi ghorofa ya tatu na yeye ya tano, yule mwanamke hakuwahi kunijibu salamu ikakamilika. Nikisema habari za asubuhi, anasema "asubuhi". Nikisema habari za jioni, anatazama namba za lifti. Watu wa jengo letu wanaosema Kiswahili walimwita Sista, kwa kuwa alikuwa muuguzi na ndivyo alivyotaka aitwe, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, nililisoma siku nyingi kwenye kibandiko cha kifuani. Lakini hakunitajia yeye mwenyewe, basi naliacha. Kwao ni Kenya, hilo nililipata kwa matamshi yake. Wazazi wake, kabila lake, alikuja huku lini, sikuuliza, na ningeuliza asingenijibu.

Mimi ni mwalimu wa dini. Nilianza kusomesha Kurani Unguja nikiwa kijana na nimeendelea hapa Landani mpaka uzeeni. Dini yangu inanitaka nimshukuru aliyenitendea wema hata kama simpendi, na ndiyo sababu naandika. Msomaji asitarajie kwamba mwisho wa habari hii tulikuwa marafiki. Hatukuwa.

Ugomvi wetu ulianza na viatu. Kila Jumamosi nilikuwa nikisomesha watoto kumi na sita sebuleni kwangu, na viatu vyao waliviacha nje ya mlango, kwenye korido mpaka ngazi za mwanzo. Siku hizo Sista alikuwa akifanya zamu ya usiku, na Jumamosi asubuhi ndiyo saa yake ya kulala. Siku moja tulipomaliza somo tukafungua mlango, hatukuona hata kiatu kimoja. Palikuwa na mfuko mweusi wa takataka, umefungwa fundo, na ndani yake viatu vyote vimekorogwa pamoja. Wazazi wanangoja chini kwenye magari, watoto wamepiga magoti wanatafuta kulia na kushoto. Katika fujo ile mtoto mmoja alirudi kwao na viatu vya kulia vitupu na mwenzake na vya kushoto vitupu.

Nilipanda juu nikamgongea. Nilimweleza kwa upole kwamba wale ni watoto, na wanachosoma ni maneno ya Mungu. Alifungua mlango nusu, amejifunga kitambaa kichwani, macho mekundu.

"Mzee," akasema, "usiku wa leo nimefunga maiti wawili. Waambie wasome kimoyomoyo."

Akafunga. Wiki chache baadaye nilipata barua ya kaunsili, serikali ya mtaa, kwamba fleti ni ya kukaa watu, si ya kusomeshea. Madrasa ikahamia ukumbi mmoja upande wa Stratford, na watoto watano wakaacha kuja kwa sababu ya umbali. Nilimwomba Mungu amhamishe Sista. Niseme kweli, sikuomba ahamie pahala pazuri.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, watu wawili wanaopanda lifti moja kama hawaonani, mpaka nilipougua.

Ulikuwa ni ugonjwa wa saratani ya damu. Nilipewa vidonge vya kumeza kila siku, na baada ya wiki mbili daktari akasema damu imeanza kutulia. Nikasujudu palepale nilipofika nyumbani. Siku ya tatu baada ya sijida ile, nikaanza kujikuna. Ilianza tumboni, ikapanda mgongoni, ikashuka mapajani. Nilijikuna kwa chanuo, nikajikuna kwa ukingo wa mlango kama ng'ombe. Binti yangu Rukia akanirudisha hospitali. Daktari kijana aliyetupokea alinitazama mkono akasema haoni wekundu wowote wa kutisha. Akaitwa Sista. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona jirani yangu akiwa kazini.

Hakunisalimu. Alivaa glavu, akafumba macho, akapitisha kidole mgongoni mwangu kutoka begani kwenda chini, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kila alipokuta uvimbe alisimama akamwambia daktari kwa Kiingereza: hapa, hapa, na hapa. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili: "Hii ngozi yetu ukiingoja iwe nyekundu ndiyo ujue ina shida, utangoja mpaka uzikwe."

Vidonge vikasimamishwa. Ngozi ikapoa, lakini damu nayo ikaanza kurudi ilikotoka. Daktari mkubwa akatueleza mimi na Rukia jinsi mambo yalivyo. Dawa nyingine za ugonjwa huu zilikuwa mbili. Moja tulikwisha kuijaribu kabla ya vidonge hivi, haikufanya kitu, na nyingine moyo wangu usingeistahimili. Dawa inayonifaa ni hii hii ambayo mwili umeikataa. Ikiwa mwili hautaikubali, kilichobaki ni kunipunguzia maumivu tu. Rukia, ambaye kwa kawaida hunijibu Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, alinishika mkono akasema, "Baba, usiogope." Alikuwa anaogopa yeye.

Daktari akasema ipo njia, inataka subira. Mtu anaanza kupewa dawa kidogo sana, iliyoyeyushwa katika maji, kiasi ambacho mwili hauna habari nacho. Halafu kinaongezwa kidogo, na kidogo tena, kwa wiki kadhaa, mpaka mwili umefika kidonge kizima bila kushtuka. Na pale wodini mwenye uzoefu wa kazi hiyo kuliko wote alikuwa muuguzi mmoja. Nilimjua kabla hajaingia.

Sista alisimama mlangoni akamwambia daktari, mbele yangu, kwamba mimi na yeye tunakaa jengo moja na hatupatani, na nikitaka muuguzi mwingine atapatikana. Kisha akaniambia mimi, "Yule mwingine naye ni mzuri. Tena anapenda stori."

Nilisema nitabaki na yeye. Sikusema kwa mapenzi. Nilitaka kuishi.

Ulimi wake kazini ulikuwa ule ule wa nyumbani. Hakumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Alisema swali hilo linaleta hotuba, na wazee wa Kiafrika ndio wabaya zaidi, ukimuuliza habari ya mguu anaanzia safari ya ndege iliyomleta. Yeye aliuliza: ulilala, ulikunywa, ulikojoa, inawasha wapi. Siku moja aliniuliza kama nitakuja Jumanne, nikajibu inshallah.

"Hiyo ni ndiyo ama ni la?"

Nikaanza kumfahamisha kwamba mja hana uhakika wa kesho. Alinisogezea fomu na kalamu. "Andika ndiyo hapa. Hiyo nyingine malizana na Mungu."

Niliudhika siku nzima. Na bado sikumwona mgonjwa hata mmoja aliyeomba kubadilishiwa muuguzi. Mzee mmoja wa Kikongo aliyekuwa akija siku moja na mimi aliniambia kwamba Sista amemtukana mara mbili, na amemwokoa mara tatu, basi amebaki na faida.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Alishinda siku nzima akiuguza wagonjwa wa saratani, na saa ya mapumziko alisimama nje penye upepo anavuta sigara. Nilimkuta, nikamwambia kwa heshima kwamba hiyo haifai, hasa kwa mtu wa kazi yake. Akatoa moshi kando ili usinifikie. "Hii ni yangu," akasema, "wewe shika yako." Hakwenda kanisani wala hakutaka kuombewa. Lakini kabla ya kumpimia mgonjwa dawa katika bomba dogo la plastiki alinyamaza kimya, midomo imebanwa, na mtu akimsemesha hakujibu. Nimeona watu wengi wakisali bila ya utulivu ule.

Siku ya mwanzo nililala kitandani kliniki tangu asubuhi. Alinipa kidonge cha kuzuia kuwasha, halafu tone la kwanza chini ya ulimi. Halikuwa na ladha. Akakaa. Kila baada ya muda akapima presha, akapitisha kidole mikononi na shingoni, akanipa tone jingine lenye nguvu kidogo zaidi. Nilifanya dhikri kwa vidole na yeye alisoma gazeti lililosahauliwa na watu. Jioni akanipa chupa ya kwenda nayo nyumbani, bomba la kupimia, na karatasi yenye vyumba vya asubuhi, adhuhuri na jioni. Masharti yalikuwa matatu, na aliyasema kama mtu anayempa dereva anwani. Nisiruke dozi. Nisichanganye dozi mbili. Kila nikinywa nitie alama palepale. Nikikatisha au nikikimbilia mbele, mwili utaiona dawa kama mgeni tena, na huenda safari hii ukamkataa kwa vita zaidi.

Wiki mbili zilipita, ngozi iko safi kama ya mtoto. Kila siku chache niliruhusiwa kupanda kidogo.

Sasa nitaeleza kosa langu, na sitalipunguza. Wakati ule nilipokuwa nikijikuna kwenye ukingo wa mlango, nilikuwa nimeweka nadhiri: Mungu akinituliza ngozi hii, nitafunga siku tatu za shukrani. Ngozi ilipotulia, nadhiri ikaanza kunikaba. Nimewasomesha watu miaka mingi kwamba mgonjwa ana ruhusa na kwamba nadhiri inaweza kungoja afya. Masuala hayo ningeyajibu usingizini. Lakini nilitaka Mungu asinione mzito wa kushukuru. Nikafunga Jumatatu. Dozi ya asubuhi niliinywa wakati wa daku. Ya adhuhuri niliiacha, nikainywa magharibi pamoja na ya jioni. Na kwenye karatasi, katika chumba cha adhuhuri, nilitia alama kila siku. Nilijiambia kwamba jua likizama itakuwa kweli.

Rukia alikuwa kwenye zamu zake za nyumba ya kulelea wazee, hakujua. Sista sikumwambia, kwa kuwa nilijua atakavyosema.

Jumanne magoti yalianza kuwasha kwa nyuma. Nikalaumu sabuni. Jumatano nilifuturu kwa tende na maji, nikanywa dozi zangu mbili, nikasali. Nilipotoa salamu midomo ilikuwa imevimba siwezi kuifunga, na mwili mzima umesimama mabaka. Rukia alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Aliita gari la wagonjwa, nikachomwa sindano humo humo njiani. Kwa rehema za Mungu pumzi haikukatika.

Asubuhi yake Sista alikuja kitandani na ile karatasi mkononi. Rukia ndiye aliyeileta.

"Hapa adhuhuri umetia alama. Ulikunywa saa ngapi?"

Nikaanza na nadhiri.

"Saa ngapi, Mzee."

"Magharibi."

"Na ya jioni?"

"Magharibi."

Aliikunja karatasi vizuri, akaiweka mfukoni. Hakupaza sauti. "Wewe ni mwongo," akasema.

Tangu mama yangu kufa hakuna mtu aliyenitamkia neno hilo. Rukia aliinuka akamwambia kwa Kiingereza achunge mdomo wake, huyu ni baba yake na ni mwalimu wa watu. Sista hakumtazama.

"Ndiyo, ni mwalimu," akasema. "Anafundisha watoto wasidanganye. Mimi sikai kwako kuona unakunywa. Hiyo karatasi ndiyo macho yangu. Nikiona alama, najua mwili umekubali, naongeza. Kesho ningekuongezea. Ningekuua, na kalamu ni yako."

Akaondoka. Nilimchukia wakati ule kuliko siku ya viatu, kwa sababu siku ya viatu nilikuwa na haki.

Daktari mkubwa hakutaka kujaribu tena. Alisema mwili umetoa jibu lake. Nilitumaini Sista, kama jirani, kama mtu wa lugha yangu, angelificha lile la alama. Hakulificha. Alimweleza daktari yote nikisikia: saumu, dozi mbili kwa pamoja, na uongo wa siku tatu. Nilikodolea macho miguu yangu. Halafu, kwa sauti ile ile ya kusoma mashtaka, akasema kwamba kwa hiyo mwili haukuikataa dawa. Mwili umekataa kurukishwa. Zile wiki mbili ngozi ilikuwa safi, na wakati huo mgonjwa alikuwa bado mkweli. Daktari alilipitia faili tangu mwanzo. Akasema watajaribu mara moja tu, na kwa sharti kwamba kila dozi atakayokunywa mtu huyu iwe mbele ya shahidi. Rukia akaanza kulia, maana kila zamu yake ni ya muda wa saa kumi na mbili na hakuwa na mtu wa kuniangalia asipokuwapo. Sista aliandika kitu kwenye faili akatoka.

Tulirudi kwenye tone la mwanzo. Siku nzima kitandani, kidole, presha, gazeti. Hakunisemesha ila kwa amri.

Siku niliyorudi nyumbani, asubuhi kabla ya saa moja, mlango uligongwa. Alikuwa Sista, koti mwilini, begi begani, anakwenda kazini. Alinyoosha mkono. Nilielewa nikaleta chupa. Alipima kwa macho kiasi nilichovuta, akanitazama nikimeza, akasema, "Inua ulimi." Nikainua. Akatia alama kwenye karatasi kwa kalamu yake mwenyewe, maana yangu hakuiamini, akaenda zake. Adhuhuri alinipigia simu ya video akiwa nje penye upepo, sigara haijawashwa. "Onyesha chupa. Kunywa. Fungua mdomo." Jioni akagonga tena. Hakuvuka kizingiti hata siku moja. Rukia alimwekea chai siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu akaacha, chai ilikuwa inapoa.

Ilikuwa hivyo kwa wiki saba. Wiki moja alipata mafua makali. Nilidhani hatakuja, na moyoni nikapata raha kidogo, Mungu anisamehe. Mlango ukagongwa. Nilipofungua hakuwepo mlangoni. Alikuwa amesimama mwisho wa korido, amejifunika blanketi na barakoa, asije akaniambukiza. "Inua juu hiyo bomba nione," akasema kwa sauti iliyokauka. Nikainua. "Imezidi. Punguza." Kutoka mwisho wa korido aliona kwamba imezidi, na kweli ilikuwa imezidi.

Jengo zima lilijua. Mama mmoja wa Kikongo wa ghorofa ya nne alitusimamisha sote wawili kwenye lifti akaniuliza, kwa kuwa Sista anakuja kwangu asubuhi na jioni, harusi ni lini. Nikasema astaghfirullah. Sista akacheka. Hiyo ni mara moja tu niliyomsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Huyu?" akasema. "Hata dawa hamezi mpaka asimamiwe."

Siku niliyomeza kidonge kizima, na ngozi ikakaa kimya siku hiyo na kesho yake na wiki nzima, nilimngoja mlangoni. Nilikuwa nimetayarisha dua ndefu, na maneno ya kumtaka radhi kwa ule uongo. Nilifika sentensi ya pili.

"Mzee, basi langu linakuja."

Akaniachia ile karatasi yenye alama zake, akashuka ngazi. Tangu hapo hakugonga tena. Kwenye lifti akarudi kwenye zile namba zake. Mimi nami, niliyekuwa na dua iliyokatizwa, nilimwona mwanamke mwenye kiburi, na nikachoka kumsalimu, kisha nikajisahihisha. Nadhiri yangu bado naiona shingoni, maana zile siku tatu nilizifunga pamoja na uongo. Nilimuuliza shekhe mmoja, akanipa jibu nililokuwa nikiwapa wengine: ingoje afya.

Mwaka uliofuata Sista alihama jengo na kuacha kazi pale hospitalini. Hakuaga mtu. Kliniki waliniambia amehamia mji mwingine, hawakusema upi.

Mwezi uliopita nilikuwa Stratford, kwenye jukwaa la treni, nakwenda kusali alasiri. Nimevaa kanzu na koti juu yake, na nilikuwa na udhu tangu nyumbani, kwa kuwa kwenye msikiti wa huko ngazi za kushukia penye kutawadhia zinateleza na miguu yangu siku hizi haina imani nazo. Nilimwona amesimama na mfuko wa mboga. Amekonda. Nikamwambia habari za mchana.

"Mchana," akasema. Halafu akaniuliza, "Unameza?"

Nikasema kila siku, saa ile ile.

Hakuniamini, naona, kwani aliweka mfuko chini. Akanishika mkono wa kulia, akausukuma mkono wa koti na wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho, akapitisha kidole. Safari hii hakuwa na glavu. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi, ngozi ya mwanamke asiyekuwa maharimu yako ikigusana na yako, udhu umekwisha. Nilijua tangu kidole kilipotua. Ningeweza kuuvuta mkono. Watu walipita, wengine wakitutazama, mzee wa kanzu na mwanamke aliyefumba macho. Alianzia kwenye kifundo, akapanda, akasimama pahala pamoja karibu na kiwiko, akarudia, akaendelea. Treni yake ikaingia. Aliteremsha mkono wa kanzu, akauteremsha na wa koti, akaokota mfuko wake akapanda. Hakusema kama ni pazuri au ni pabaya.

Nilifika msikitini sina udhu. Nikashuka zile ngazi nimeshika ukuta, nikakaa penye bomba, nikatawadha upya. Mkono wa kulia niliuosha mara tatu mpaka kwenye kiwiko, polepole, maji ya baridi, na haukuwasha popote.